Kabla hujasema "he" au "she", kiangalie kwanza kitenzi chako cha Kiswahili

Habari za sa hizi wadau. Leo naongelea viwakilishi vya Kiingereza, vile ambavyo ticha aliandika ubaoni I, me, my, mine, myself tukaviimba darasa zima mpaka kengele ikalia, na leo ukimwambia mmoja wetu akupe sentensi moja tu yenye "hers" anakutolea macho. Mimi naongoza watalii hapa Bagamoyo, nazunguka na wageni Kaole, Ngome Kongwe, Misheni, ufukweni, na Kiingereza changu kingi nimekiokota kazini.

Kilichonifanya nikae chini nijifunze upya ni mama mmoja wa Kiingereza, mtu mzima, tumekaa kivulini pale Kaole baada ya kuzunguka magofu, akaanza kunisimulia habari za mama yake aliyefariki mwezi uliopita na jinsi alivyokuwa na hamu ya kuiona pwani yetu. Nikaguswa, nikataka kumpa pole, nikauliza "Was he sick for a long time?" Akanyamaza. Halafu akasema taratibu, "She. My mother." Niliumia sana aisee, maana mtu amenifungulia moyo wake na mimi nikaonekana sikuwa namsikiliza, wakati nilisikiliza neno kwa neno. Nilivyokuja kutafakari usiku nikaona kosa lilianzia wapi: kichwani nilikuwa nimeshatunga "aliumwa muda mrefu?" na hiyo "a" ya "aliumwa" haina habari na mwanamke wala mwanaume, yenyewe inajua mtu basi, kwa hiyo ulimi ukabaki uchague wenyewe ukachagua ovyo.

Toka hapo nikaacha kukariri jedwali. Nikagundua viwakilishi vya Kiingereza karibu vyote na sisi tunavyo, ila sisi tumevishonea ndani ya kitenzi na wao wanaviacha vimesimama vyenyewe. Chukua "alimpigia". Neno moja, lakini ndani wamo watu wawili, "a" aliyepiga na "m" aliyepigiwa. Kwa Kiingereza inaweza kuwa "He called her", "She called him", "He called him" au "She called her", yaani neno moja la kwetu linazaa sentensi nne na wewe lazima ujue unataka ipi. Na hapo hapo umeshaelewa tofauti ya he na him bila kusumbuka, "a" ya mwanzo ndo he au she, "m" ya katikati ndo him au her, wa na wa vivyo hivyo, they mwanzo na them katikati. Ukilishika hilo viwakilishi vya nafsi umevimaliza.

Sasa ushonaji huu unatuponza sehemu nyingine. Sisi hata tukishataja jina bado tunaweka kiambishi, "Baba yangu anavua samaki", lazima hiyo "a" iwepo, ndo maana tunasema "My father he is fishing". Kwa wao ukishamtaja baba basi, "he" inapumzika: "My father is fishing". Na kwenye urejeshi ni hivyo hivyo. Ukitoka soko la samaki utasema "samaki niliyemnunua", hapo mna "ye" na mna "m", samaki huyo huyo katajwa mara mbili ndani ya kitenzi kimoja, kwa hiyo Kiingereza kinatoka "The fish which I bought it". Hiyo "it" itoe. Which imeshafanya kazi ya zote mbili. Tena angalia, sisi samaki tunamuweka ngeli moja na binadamu, niliyemnunua kama niliyemuona, lakini kwa wao who ni ya watu, vitu na wanyama kwa kawaida ni which au that.

Kwenye "ji" na "ana" ndo napapenda kuliko pote. Kijana mmoja niliyekuwa namfundisha kazi aliwaambia wageni wawili waliokuja fungate, "You really love yourselves", kwa nia njema kabisa, kumbe kawaambia mnajipenda wenyewe, kila mtu na nafsi yake. Alitaka "each other". Nikamwambia mdogo wangu, rudi kwenye Kiswahili chako, wanajipenda na wanapendana unaweza kuzichanganya? Akasema hapana. Basi "ji" ni myself, yourself, himself, themselves, na "ana" ya mwisho ni each other. Hajakosea tena.

Mine na my nazo ziko kwetu, tatizo zimevaa nguo moja. "Kitabu changu" na "hiki ni changu", changu ni ile ile, ila tulifundishwa kwenye sarufi ya Kiswahili kwamba ya kwanza ni kivumishi na ya pili ni kiwakilishi. Kiingereza kinabadilisha neno lenyewe, my book lakini this is mine. Usiishie kwenye "this is my" mgeni akabaki anasubiri umalizie.

This, that, these, those sina mengi, sisi tuna hatua tatu, hiki, hicho, kile, wao mbili, wewe chunga umoja na wingi tu. Everybody inawatesa watu, wanasema "everybody are ready" kwa sababu kichwani wanawaza "wote". Waza "kila mtu". Kila mtu yuko tayari, everybody is ready.

"It" nayo tunaisahau sana. Mgeni anauliza Kaole ni mbali? Unajibu "Is not far", kwa sababu "siyo mbali" haina mtenda. Kiingereza hakikubali hiyo nafasi ibaki wazi, lazima pakae kitu hata kama hakina maana, "It is not far". Mvua inanyesha pia, kwao hakuna mvua inayonyesha, ni "It is raining".

Na kuna jambo lilinifurahisha sana nilipolijua. Ukikuta mkoba umesahaulika kwenye gari na hujui wa nani, Kiingereza wanasema "Somebody left their bag", mtu mmoja lakini their, na siyo mtindo wa juzi, they ya mtu mmoja ipo kwenye maandishi yao tangu karne ya 14. Hapo they inafanya kazi ya "a" yetu, mtu tu. Kwa hiyo kama kweli hujui jinsia ya anayetajwa, itumie bila woga.

Mimi mazoezi nayafanya na kisa cha David Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi wa Kiingereza wa zamani, kwa sababu wageni wengi wanakiulizia. Alifariki 1873 kwenye nchi ambayo leo ni Zambia, watumishi wake Susi na Chuma na wenzao wakauzika moyo wake kule kule, mwili wakaukausha wakaubeba mpaka hapa Bagamoyo, ukafika Februari 1874, ukalala Misheni kabla ya kuvushwa Zanzibar kwenda Uingereza. Kwa Kiswahili "wakaubeba", "u" ya mwili, kwa hiyo kwa Kiingereza ingekuwa "they carried it". Mimi nasema "they carried him". Ni sahihi, na naona ndo heshima yenyewe, wale watu hawakutembea miezi yote ile kwa ajili ya mzigo.

Na wewe leo usiku jaribu hii, iseme kwa sauti: "Asha alimwambia Juma mama yake anamuita." Kwetu imeeleweka, au tunadhani imeeleweka. Kwa Kiingereza kabla hujafungua mdomo itabidi uamue, mama wa Asha, "her mother", au mama wa Juma, "his mother", na anayeitwa ni him au ni her.