Kupangwa Kiwango cha 2 si adhabu ya ugeni

Hapana dada uliyeuliza kama mwanao ameonewa kwa ugeni kwenye chialidingi (mchezo wa timu wa kubinuka, kubebana na kucheza): mtoto kuwekwa timu ya Kiwango cha 2 wakati anaweza mbinu za cha 3, kilicho juu yake, haimaanishi kocha anawapendelea wenyeji wa jimu, yaani klabu yenu. Binti yangu yuko msimu wa tatu kwenye chialidingi ya mashindano huku Texas na yalimkuta hayo hayo.

Kwenye kubinuka, Kiwango cha 2 mwisho wake ni kujirusha nyuma kwa mikono. Cha 3 wanaruhusiwa kukimbia na kubinuka hewani bila kugusa chini. Wangu alikuwa anabinuka vizuri tu. Lakini majaji wanaangalia ni wangapi kwenye timu wanaoweza, si mmoja, na alama za kubebana na piramidi ni nzito. Kwa hiyo kocha anaanza na nani anabeba, nani anapandishwa juu. Wadogo wa kupandishwa wakishatosha, wako atangoja hata awe hodari vipi. Halafu timu hupangwa pia kwa umri: USASF, shirika linalosimamia mashindano haya Marekani, inafuata mwaka wa kuzaliwa, si darasa analosoma.

Kuhama ni haki yenu, hakuna ndoa na jimu. Ila someni mkataba kwanza, sisi ada ya sare haikurudi, na ukimtoa katikati ya msimu wenzake wa kumbeba wanabaki mikono mitupu.

Muulize kocha mtoto anakosa nini hasa ili apande Kiwango cha 3. Kocha akikosa cha kutaja, hapo tafuteni kwingine.