Damu imevuja kwenye ubongo, mbona anachomwa heparini?

SWALI: Daktari, mdogo wangu ana miaka 26 na amejifungua wiki 2 zilizopita. Kichwa kilimuuma siku 5 mfululizo, kisha akapata degedege. Presha ilikuwa 118/76. CT skani imeonyesha damu imevuja kwenye ubongo, lakini sasa anachomwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Si ataendelea kuvuja? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Kwa wagonjwa wengi waliovuja damu kwenye ubongo, hofu yako ingekuwa sahihi kabisa.

Presha ikipasua mshipa, damu mara nyingi hukutwa ndani, katikati ya ubongo. Kwa mzazi kijana mwenye presha nzuri, ikikutwa karibu na uso wa ubongo, tena pande zote mbili, tunashuku donge la damu limeziba vena kubwa zinazotoa damu kichwani. Ni kama mtaro ulioziba na mvua bado inanyesha: maji hurudi nyuma, yakafurika. Heparini hulizuia donge lisikue, mwili upate nafasi ya kuliyeyusha. Kuvuja kwa namna hii hakuzuii sindano.

Degedege baada ya kujifungua huitwa haraka kifafa cha mimba. Ni haki kukifikiria kwanza, presha na protini ya mkojo vipimwe. Kosa ni kuishia hapo. CT ya kawaida inaweza kutoka safi kabisa na donge lipo. Ulizeni kama amepigwa CT au MRI ya vena. Hiyo ndiyo huonyesha palipoziba.

Kama dawa ni enoksaparini, aina mojawapo ya heparini, kipimo cha kawaida ni miligramu 1 kwa kila kilo, kila saa 12: mwenye kilo 60 hupata miligramu 60 mara 2 kwa siku. Figo zikiwa dhaifu hupunguzwa. Kupunguza kwa woga tu ni kuliachia donge likue.

Baadaye huhamia vidonge vya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida miezi 3 hadi 6. Akipewa wafarini, INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ikae kati ya 2 na 3, na anaweza kunyonyesha. Maumivu atulize kwa parasetamoli; diklofenaki na aspirini aziache. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni asivitumie tena.

Akianza kuona ukungu, kusinzia kupita kawaida au kutokwa damu nyingi ukeni, arudishwe hospitali saa hiyohiyo.