Fundi Anajibu: utomvu wa mti umeganda kwenye rangi ya gari

Swali: Shikamoo fundi. Niko Ilazo hapa Dodoma, nina IST nyeusi niliagiza Japani mwaka jana. Kazini hatuna kivuli cha kupaki kwa hiyo naiweka chini ya mwarobaini, maana jua la huku unalijua mwenyewe, ukiacha gari nje mpaka saa nane usukani haushikiki. Sasa kama wiki tatu hivi walikuja watu wakapunguza matawi ya ule mti, na tangu siku hiyo naona matone ya njano kama asali kwenye boneti na juu ya rufu, yamekauka magumu kama kioo. Nikapeleka sehemu wanaosha magari, kijana akachukua stilwaya akasugua tone moja, lilitoka kweli ila pakabaki mikwaruzo, nikamwambia acha. Jirani yangu anasema nipake petroli, naogopa. Nifanyeje? (Mama Wawili, Ilazo)

Jibu: Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri sana kumwambia aache, na petroli usiiguse kabisa, nitakwambia kwa nini.

Ujue watu wengi wanasema tu "utomvu" kama vile ni kitu kimoja, kumbe inategemea mti gani. Mwarobaini ukikatwa tawi unatoa gundi, na gundi ya mwarobaini ni ndugu moja na ile ya mgunga ambayo watoto wa vijijini huku wanaibandua kwenye magome wanaitafuna, si unaona inavyoyeyuka mdomoni? Basi ndo hivo, gundi ya aina hiyo inayeyuka kwa maji. Ni tofauti na utomvu wa mipaini kama ya kule Sao Hill, ule una mafuta yake ndani (ndo unaotoa tapentaini), maji ukimwaga yanateleza tu, ule unataka spiriti. Kwa hiyo wewe tatizo lako ni jepesi kuliko unavyodhani, shida ni haraka.

Fanya jioni au asubuhi mapema gari ikiwa imepoa, weka mkono kwenye boneti ukisikia joto subiri. Alafu kabla hujagusa tone hata moja mwagia maji gari nzima vumbi litoke, na hapa nasisitiza kwa watu wa Dodoma, vumbi letu lina mchanga, ukipitisha kitambaa juu ya vumbi ni sawa na msasa, mikwaruzo mingi ninayoiona kwenye magari meusi haijaletwa na utomvu imeletwa na mtu aliyekuwa anautoa. Najua maji ni ya kununua maeneo mengine lakini ndoo mbili zinatosha, moja ya sabuni ya maji moja ya kusuuzia kitambaa. Sabuni ya unga hapana.

Ukimaliza kuosha chukua kitambaa cha maikrofaiba au fulana ya zamani ya pamba, chovya kwenye maji ya moto kiasi cha kuoga mtoto, usikamue sana, kilaze juu ya matone ukiache dakika kumi hivi, kikipoa chovya tena. Usisugue. Utaona tone limekuwa kama ute, unalifuta taratibu kuelekea upande mmoja linaondoka. Yale manene utarudia mara tatu nne, ni kawaida, yamekaa wiki tatu juani hayo.

Kama kuna kipande kimegoma ndo unanunua spiriti duka la dawa (hata sanitaiza ile ya mikono iliyobaki enzi za corona inafanya kazi, nayo ina alkoholi), unaweka kwenye pamba, unaibandika juu ya tone nusu dakika, unafuta. Usiimwage kwenye gari na usivute sigara karibu. Anza kujaribu sehemu iliyojificha, ndani ya mlango pale chini. Ukimaliza osha tena upake waksi, kwa sababu spiriti inaondoa na nta yote iliyokuwepo, rangi inabaki uchi.

Sasa petroli. Ile tabaka ya juu kabisa ya rangi, mafundi tunaita klia, kwenye gari la kiwandani ni nyembamba mno, karibu nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Petroli inakula nta, inaharibu mipira ya milango, na ikigusa plastiki ya taa inaweza kuifubaza, alafu ni hatari ya moto, yote hayo kwa ajili ya kitu ambacho maji ya moto yanakitoa! Tina, ile ya kuyeyushia rangi, ndo mbaya zaidi.

Ile sehemu ya stilwaya pitisha ukucha juu yake taratibu. Ukucha usiponasa, mkwaruzo uko kwenye klia tu, fundi rangi mzuri atapitisha kampaundi laini (ile dawa ya kusugulia rangi) na polishi patarudi. Ukinasa mpelekee akaangalie kwa macho, usikubali kuambiwa bei kwa simu.

Swali: Habari kaka. Nilikuwa narudi rivasi nyumbani Nkuhungu nikaparamia uzio wa minyaa, yale maziwa yakarukia Noah yangu nyeupe ubavu mzima, yamekauka yamekuwa kahawia, maji hayatoi. Ubavu huo ulishawahi kupigwa rangi mtaani.

Jibu: Salama kaka. Kabla ya gari tuongelee macho yako. Maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni yanaunguza vibaya, mtu anaweza asione kwa muda, kwa hiyo vaa glavu na miwani, watoto wakae mbali, na matawi yaliyovunjika pale uyatoe kwa jembe sio kwa mkono. Likitokea la kutokea osha jicho kwa maji mengi safi muda mrefu alafu uende hospitali siku hiyohiyo.

Kwenye rangi, kwa kuwa ni ya mtaani mimi nisingeanza na spiriti. Nimeona kwenye gereji niliyojifunzia kazi, kijana alifuta bampa iliyopakwa upya na tina, rangi ikalainika ikatoka na kitambaa, na mwenye gari amesimama pale anaangalia. Rangi za mtaani nyingine hazijakomaa vizuri. Tumia mafuta ya alizeti, si tunayo tele Dodoma na Singida, osha kwanza, pakaa kwenye kitambaa, laza robo saa, futa, rudia kesho yake kama bado. Ni polepole lakini hayaunguzi rangi. Ukimaliza lazima uoshe kwa sabuni mpaka utelezi uishe, la sivyo vumbi lote la Nkuhungu litakaa hapo. Kwenye kioo unaweza kutumia wembe, ukishakilowanisha kwa maji ya sabuni na wembe ukiulaza, upande wa nje tu. Kwenye bati wembe usiguse.

Swali: Mimi napaki chini ya mwembe, gari inajaa vidoadoa vidogo vinavyonata kama nimenyunyiziwa soda. Huo nao ni utomvu?

Jibu: Hapana, hao ni wadudu. Geuza majani ya huo mwembe uangalie kwa chini, utakuta vidudu vidogo vinafyonza jani na kutoa maji ya sukari yanayodondoka kwenye gari lako, na kama majani yana masizi meusi juu ndo hakika kabisa. Ni sukari, maji ya uvuguvugu na sabuni yanatoa siku hiyohiyo, ila ukiacha hadi Jumapili vumbi linashika na jua linaoka, kazi inakuwa nyingine. Kwa hiyo osha kila baada ya siku mbili, au sogeza gari mita chache mpaka mti upigwe dawa.