Kabla hujamchoma panya sindano ya kwanza, jua nani atakua bandani Jumapili

Kila mwaka ikifika miezi ya watu wa masta kuandika proposali napata meseji za wadogo zangu, "dada, fomu ya kamati ya maadili ya wanyama naijazaje ipite haraka", na kila mara najibu kwa simu mmoja mmoja. Leo nimeamua kuandika mara moja kabisa, na ntaanza na kitu ambacho mpaka leo kinaniuma.

Nikiwa masta nlikua napima majani ya mti ambao kwetu wazee wanachemsha na kunywa kwa ajili ya sukari. Ili ujue kama dawa inashusha sukari lazima kwanza uwe na panya mwenye sukari, na njia ambayo wengi wetu tunatumia maana bei yake tunaimudu ni aloksani, unamchoma sindano na ile kemikali inaua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Sasa kuna kitu nlikisoma ila sikukipa uzito: zile seli zikifa zinamwaga insulini yote iliyokua ndani yake kwa mpigo, kwa hiyo sukari kabla haijapanda inashuka kwanza, inashuka vibaya, ndani ya siku ya kwanza, na panya asipopata maji ya glukosi anaweza kuingia degedege akafa. Sisi tulichoma Ijumaa jioni kwa sababu ndo siku supavaiza alipata nafasi. Nikaweka chupa za glukosi, nikafunga mlango, nikaenda nyumbani.

Jumatatu asubuhi nikakuta 5 kati ya 18 wamekufa. Chupa nyingine zimekauka kabisa, maranda yamelowa chapachapa maana panya akishakua na sukari anakunywa na kukojoa kupita kiasi, na waliobaki wamejikunyata kwenye kona manyoya yamesimama. Nikamfuata mzee anayetunza lile banda, nikamwamkia shikamoo baba, nikamuuliza hawa wamekufa lini. Akaniambia kwa upole kabisa, "Marahaba mwanangu. Wawili niliwaona wanatetemeka toka Jumamosi asubuhi, nikajua ndo utafiti wenyewe ulivyo."

Jamani. Kibali cha kamati nlikua nacho, kimegongwa muhuri. Ndani ya fomu nimeandika kwa Kiingereza safi kwamba mnyama atakayeonyesha dalili za mateso atatolewa kwenye jaribio na kuuliwa bila maumivu. Ila mtu pekee aliyekuwepo bandani siku ile hajawahi kuiona hiyo fomu, namba yangu hana, na hata angekua nayo hakuna aliyemwambia kwamba ana ruhusa ya kusema huyu anateseka, njooni. Yule mzee kawatunza panya miaka mingi kuliko umri wangu wa kusoma na anawajua kuliko mimi na supavaiza wangu tukiunganishwa, kosa lilikua langu.

Siku hizi na mimi nasoma fomu za wenzangu kwenye kamati, na ushauri wangu wa kwanza ndo huo: ukurasa unaosema utasimamisha jaribio lini uandike tena kwa Kiswahili, uchapishe kwa herufi kubwa, uubandike kwenye mlango wa banda. Na usiandike "dalili za mateso", hayo ni maneno matupu, andika kitu ambacho mtu anakiona kwa macho au anakisoma kwenye mizani. Kapungua asilimia 20 ya uzito aliokua nao siku ya kwanza, piga simu. Hasogei ukimgusa, au anatetemeka, piga simu. Macho kayafinya, mashavu na pua vimekua bapa badala ya kutuna (hiyo ni kwa panya wakubwa, yaani rat; kwa panya wadogo, yaani mouse, ni kinyume, vinatuna), masikio yamejikunja, hizo ni alama za maumivu ambazo watafiti walizipanga kwa panya wadogo mwaka 2010 na kwa panya wakubwa mwaka uliofuata, na mhudumu wa banda anazielewa kwa dakika kumi ukimwonyesha picha. Kuna lile jambo wahudumu wengi wanaliita machozi ya damu, wekundu kuzunguka macho na pua ya panya mkubwa, sio damu, ni rangi inayotoka kwenye tezi nyuma ya jicho, ila ikizidi mara nyingi panya ana msongo au anaumwa, na yule mzee alikua anaijua siku zote bila mtu kumuuliza. Chini weka namba mbili za simu, yako na ya daktari wa mifugo, na umwekee vocha.

Sindano usichome Ijumaa. Dawa yoyote ambayo hatari yake iko ndani ya saa 24 au 48 za kwanza ianze Jumatatu au Jumanne, na usiku wa kwanza lala hapo hapo chuoni, upitie keji kila baada ya saa chache. Andika hilo kwenye fomu, nani analala, siku gani. Mimi nikiona jina la mtu na saa naamini kuna mpango, nikiona "wanyama watatunzwa vizuri" narudisha fomu.

Kuhusu idadi, hapa ndo watu wanachukia kamati. Unakuta mtu kaandika panya 6 kila kundi, ukimuuliza kwa nini 6 anasema tesisi ya mwaka juzi iliandika 6. Nenda kwa mtu wa takwimu kabla hujaja kwetu, maana wakiwa wengi kupita mahitaji umeua bure, na wakiwa wachache hadi jibu lisionekane umeua bure pia, wote. Na bado napokea proposali za kutafuta ile dozi inayoua nusu ya wanyama, kipimo alichokianzisha mtafiti Trevan mwaka 1927, makundi matano ya panya kumi kumi, wakati OECD yenyewe, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya kupima sumu za kemikali, ilishaufuta mwongozo wake wa namna hiyo mwaka 2002. Mwongozo wao namba 423 unatumia panya 3 kwa hatua, unaangalia kilichotokea ndo unaamua kama unapanda dozi, unashuka au unaacha, na kwa dawa nyingi za mitishamba unapata unachokitaka kwa panya wachache sana. Kama unachotaka ni kujua tu ni vimiminiko vipi vya mitishamba kati ya kumi vina sumu, anza na vile viduduvidudu vya maji chumvi, artemia, ukishachuja vimebaki viwili ndo uje na habari ya panya.

Hayo sio mambo ya kamati kujitungia. Wanasayansi Russell na Burch kule Uingereza waliyaandika mwaka 1959: tumia njia isiyo na mnyama kama ipo, punguza idadi, punguza maumivu. Kwetu Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, isome kabla ya kujaza fomu, usisubiri mtu akusomee.

Na kamati uiendee mapema, kabla hujanunua panya. Mtu akija tayari ana panya 40 kwenye keji wanakula kila siku na hela yake inaisha, hata sisi tunapata shida kumwambia badilisha mpango, na yeye anasikia kama tunamkomoa.

Mimi baada ya ile Jumatatu niliandika barua kwa kamati kueleza wale 5, nikaogopa watanifungia utafiti. Waliniita, wakaniuliza maswali magumu, wakanirudishia kibali na sharti moja, kwamba mzee wa banda awepo kwenye kikao cha kupanga raundi ya pili. Alikuja na daftari lake. Tulichoma Jumanne asubuhi, akaniambia tuweke chupa mbili kila keji badala ya moja na maranda tubadilishe kila siku. Usiku saa nane akanigongea dirisha, panya namba 7 amelegea, tukamdondoshea glukosi mdomoni kidogo kidogo mpaka akaanza kunyanyua kichwa.