Shangazi, naona wanataka nichague: maiki au joho

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31, ni mhadhiri msaidizi wa theolojia katika chuo kimoja cha kanisa huku Arusha, mkataba unaisha Juni. Niko mwaka wa tatu wa uzamivu. Tasnifu yangu inahusu kitabu cha Maombolezo. Tangu kidato cha pili nachana hip hop ya andagraundi, kwa jina la kisanii ambalo chuoni hawalijui. Mwezi uliopita video yetu tukichana mtaani Kijenge ilizunguka WhatsApp mpaka ikamfikia mkuu wa idara. Akaniita: "Mwalimu, angalia mwelekeo wako." Kwenye ngoma ile kuna mstari unaomchana mchungaji mmoja na mkewe. Wana ninaochana nao wanalalamika kwamba siku hizi nahubiri, sichani. Nimewaza niache muziki, au nihamie injili, au nibadili mada ya tasnifu niandike kuhusu hip hop. Nifanyeje?*
*Mwalimu wa Kijenge*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natafuta mahali mkuu wa idara alipokwambia uchague. Sikupaona. Yeye kasema uangalie mwelekeo wako. Hayo ya maiki na joho umeyatunga mwenyewe njiani ukirudi nyumbani. Nenda ofisini kwake kabla hajakuita tena, umuulize kinachomkera ni nini hasa: muziki wenyewe, kujificha kwako, au ule mstari. Mkataba wako usome kabla ya kwenda, hasa kipengele cha mwenendo, maana vyuo vya kanisa havikosi kipengele hicho.

Mimi nadhani ni kujificha. Baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya, na Jumamosi usiku alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya dansi. Wazee wa kanisa walipogundua, alitengwa na Meza ya Bwana miezi sita. Baadaye alitusimulia kwamba gitaa halikuwaudhi sana. Kilichowauma ni kuwa miaka minne mizima aliwaaga kwamba anakwenda kulinda shamba. Adhabu ilipokwisha alirudi kwaya na akarudi bendi, safari hii bila kuficha, na wazee wawili kati ya walewale wakaja kumwomba awapigie kwenye harusi za binti zao. Huko kwenu kuna kundi la hip hop lililojiita Watengwa, nami kila nikilisikia jina hilo namkumbuka mzee.

Kuacha muziki sikujadili. Mtu aliyechana tangu kidato cha pili haachi, anaficha zaidi.

Kuhamia injili ndilo wazo ninaloliogopa. Rapa Juliani wa Dandora, Nairobi, alitoka kundi la Ukoo Flani Mau Mau, akaanza kuchana imani yake waziwazi, na mtaa ukamsikiliza. Lakini alikwenda huko kwa kuamini, si kwa sababu bosi wake kaona video. Wewe ukihama kwa hofu, wana watajua kwenye ubeti wa kwanza. Na malalamiko yao yana ukweli. Nimesikiliza kipande ulichonitumia. Ubeti wa yule mama anayeuza ndizi stendi, anahesabu chenji gizani kwa kuipapasa, ulinikalisha chini. Ubeti unaofuata una "ukombozi", "eskatolojia" na "neema" ndani ya pumzi moja. Kwa nini? Mama wa ndizi alishayasema yote hayo. Mwaka 2011 chuo cha Rice kule Houston kilikuwa na somo la dini na hip hop, wakifundisha pamoja profesa wa dini Anthony Pinn na rapa Bun B. Ilihitaji watu wawili, mwanangu, nawe unataka kuwa wote wawili ndani ya dakika tatu na nusu za biti.

Tasnifu usiiguse. Mwaka wa tatu hakuna anayebomoa nyumba iliyofika kwenye lenta. Isitoshe, Mkenya Mwenda Ntarangwi, mwanaanthropolojia, alishaandika kitabu kizima kuhusu hip hop na Ukristo Kenya, tena kupitia huyohuyo Juliani, kikatoka mwaka 2016. Utahitaji jambo ambalo yeye hakulisema, na kulitafuta upya ni miaka mingine miwili.

Tena hulihitaji. Zile kurasa zako mbili kuhusu Maombolezo mhariri amezikata kwa sababu ya nafasi, ila mimi nimezisoma hadi mwisho. Unaeleza jinsi sura ya 1, ya 2 na ya 4 zilivyo na aya 22 kila moja, aya moja kwa kila herufi ya Kiebrania, na sura ya 3 ikapiga herufi hizohizo mara tatutatu hadi 66. Kisha sura ya 5 inabaki na aya 22 lakini mpangilio wa herufi umepotea, na hapo ukaandika: "kama emsii aliyeishiwa pumzi lakini bado anahesabu baa." Baa, yaani vipimo vya mistari ya kuchana. Mwanangu, hilo halikutoka maktaba. Limetoka Kijenge. Mtu aliyewahi kujibana ndani ya baa kumi na sita anajua kwa nini aliyeona Yerusalemu ikiungua akaamua kulia kwa mpangilio wa alfabeti. Liandike kwa lugha ya kitaaluma, ulitetee mbele ya jopo.

Na ule mdundo wa maombolezo, mstari wa vishindo vitatu kisha viwili, kama mtu anayechechemea, ambao wasomi wanaujadili tangu Karl Budde aliposhughulika nao mwaka 1882, wanauita kina, kwa neno la Kiebrania. Hauna udugu na vina vyetu, sauti tu zimegongana. Ukijenga sura juu ya mgongano huo msimamizi wako atakuchana kuliko mtu yeyote wa Kijenge. Kama unataka daraja la kweli, soma utenzi wa Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alikuwa mwanazuoni wa dini, akautazama mji wa Pate ulivyoanguka, majumba yamebaki kwa popo na bundi, akaanza kuusema moyo wake kwa ushairi. Mji uliokufa, mwanazuoni, beti. Pwani hakuna aliyemwambia achague. Hapo kuna makala moja nzuri, baada ya kuhitimu.

Lakini nisikudanganye kwamba vyuo vyote vitakuchekea. Mwaka 2001 Cornel West, profesa wa Harvard aliyebobea katika dini na falsafa, alitoa albamu yenye hip hop. Akakwaruzana na rais wa chuo, Lawrence Summers, na albamu hiyo ikatajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2002 West akahamia Princeton. Alikuwa na jina kubwa na kiti kingine kinamngoja. Wewe jina lako kubwa liko Kijenge, na huko hawalipi mishahara.

Kwa hiyo ukienda kwa mkuu wa idara, mtajie jina lako la kisanii wewe mwenyewe, umwachie nyimbo mbili asikilize. Ya mama wa ndizi iwe ya kwanza.

Halafu ule mstari. Mchungaji unamchana kwa michango ya jengo lisiloinuka. Kama una hakika, hilo ni jambo la waumini wote, libaki. Mkewe kakukosea nini? Najua utanijia na Amosi 7:17, kwamba hata mke wa kuhani Amazia hakusalimika. Amosi alikuwa na mifugo yake na mikuyu yake, wewe una mkataba unaoisha Juni. Mtoe huyo mama. Na hicho kina cha "neema" na "lawama" ulichomtolea nacho kimechakaa, tafuta kingine.