Mzani wa jimu unasema 34, wa jirani 28, nimwamini nani?

*Shikamoo kocha. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, naishi Soweto, nina miaka 36. Mwaka jana nilianza kukimbia mdogomdogo na mwaka huu nikamaliza kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, nikafurahi sana, nikasema sasa ngoja nijue mafuta mwilini yamebaki asilimia ngapi. Juzi jioni nikitoka mazoezini nikapanda ule mzani wa jimu wenye vyuma vya kushika mikononi ukasoma 34. Kesho yake asubuhi nikapanda wa jirani yangu, ule wa kioo wa sebuleni, ukasoma 28. Uzito ni uleule, kilo 68. Sasa kocha mafuta yameyeyuka usiku nikiwa nimelala? Vipimo vyangu nimejipima mwenyewe: urefu 163, shingo 33, kiuno pale pembamba 76, juu ya mfupa wa nyonga 80, makalio 102.*

Marahaba fundi, na hongera kwa hizo 21, ule mlima wa kwenda Mweka umeua wengi.

Tuanze na hesabu. Kutoka 34 hadi 28 kwa mtu wa kilo 68 ni kilo 4 za mafuta, yaani zaidi ya lita 4, chukua lile dumu la mafuta ya kupikia la lita 5 limepungua kidogo tu, alafu uniambie limetoka mwilini mwako usiku mmoja na uzito haujabadilika hata nusu kilo. Haiwezekani. Kilichobadilika ni mashine.

Hizo mashine zote mbili hazijui mafuta kabisa. Zinachofanya ni kupitisha umeme mdogo ambao huusikii, umeme unapita vizuri kwenye maji, na misuli imejaa maji, mafuta hayana maji mengi so umeme unakwama. Mashine inapima umeme umekwama kiasi gani, inaongezea urefu, umri na jinsia uliyoiandikia, alafu inakisia. Sasa wewe umetoka jasho lita nzima, umekauka, umeme unapata shida, mashine inasema mafuta hayo. Na kuna siku inakuwa kinyume, mwili ukiwa wa moto na ngozi imelowa jasho inasoma pungufu. Ukila ukashiba inabadilika, ukiwa karibu na hedhi mwili umeshika maji inabadilika tena. Alafu ule wa kioo unapitisha umeme mguu huu unatokea mguu ule, kifua na mikono inavikisia tu kutokea huku chini, wakati wa jimu umepita mpaka mikononi. Hapo usitegemee zikubaliane.

Lakini fundi nikuulize kitu kimoja, ule mzani wa jirani humo ndani umeandikiwa nani? Maana kama ni wa shemeji, yaani mume wa jirani, umeandikwa mwanaume wa urefu wake na umri wake, wewe ukapanda hujabadilisha kitu, basi umesomewa mafuta ya mwanaume. Hii naiona kila wiki. Na kuna mizani ina sehemu ya kuchagua "mwanamichezo", ukiigusa tu namba inashuka hapohapo bila kukimbia hata hatua moja, watu wanapiga picha wanaweka stetasi.

Kiukweli hakuna mtu aliye hai ambaye mafuta yake yamepimwa moja kwa moja, ungelazimika kumchambua kama mbuzi. Vipimo vyote ni kukisia, tofauti ni nani anakisia kwa akili. Ile njia ya zamani iliyoheshimika ni ya kumzamisha mtu kwenye maji na kumpima uzito akiwa humohumo ndani. Umeshaona supu ya mbuzi ikipoa, mafuta yanapanda juu nyama inabaki chini? Ndio hivohivo, mafuta ya mwili ni mepesi kuliko maji, sentimita moja ya ujazo ni kama gramu 0.9, vingine vyote vya mwili ukivichanganya vinafika 1.1, so mtu mwenye mafuta mengi anaelea zaidi na uzito wake majini unakuwa mdogo. Mwaka 1961 mtaalamu anaitwa Siri akatoa kanuni ya kugeuza ule uzito-ujazo kuwa asilimia, na kanuni nyingi za kubana ngozi na za futi zilizokuja baadae zimetengenezwa kwa kulinganishwa na watu waliozamishwa majini. Yaani namba nyingi za mafuta unazopewa ni makisio yaliyojifunza kwa makisio.

Sasa kifaa bora kwako kinaning'inia shingoni mwako kutwa nzima. Futi kamba!

Jeshi la Maji la Marekani walitaka njia ya kupima askari wengi haraka bila mashine, mwaka 1984 watafiti wao Hodgdon na Beckett wakaja na ya futi: mwanamke anapimwa shingo, kiuno pembamba na makalio, mwanaume shingo na tumbo usawa wa kitovu, unachanganya na urefu. Hesabu yake ina logarithimu sikuchoshi nayo, zipo programu za simu zinaifanya bure, nimekufanyia mimi imetoka 31 na nusu. Nyingine rahisi zaidi ilitoka 2018 Los Angeles, hii unaifanya kwa kikokotoo cha kawaida: chukua urefu gawanya kwa kiuno cha juu ya mfupa wa nyonga, zidisha 20, mwanamke unatoa jibu kwenye 76, mwanaume kwenye 64. Wewe 163 gawanya kwa 80 ni 2.04, mara 20 ni karibu 41, 76 toa 41 inabaki 35.

Umeona? Mwili mmoja, wiki moja, una 34, 28, 31 na nusu, na 35. Ukitafuta iliyo sahihi utazeeka. Chagua njia moja, mi nakushauri futi, kaa nayo hiyohiyo. Jipime asubuhi ukishatoka chooni na kabla ya chai, futi ilale sawa mgongoni isipande, pumua nje kawaida usivute tumbo ndani (wewe unawajua wateja wanaovuta tumbo alafu gauni halifungi), andika kwenye daftari lako la vipimo kama mteja mwingine. Rudia baada ya wiki 4, kiwe kipindi kilekile cha mwezi wako. Kama kiuno kimetoka 80 kwenda 77 na uzito uleule 68, hapo mafuta yametoka na misuli imeingia, hata mzani ukisema nini.

Kuhusu viwango, vinavyotumika sana ni vya Baraza la Mazoezi la Marekani: mwanamke 25 mpaka 31 ni kawaida, 32 kwenda juu yamezidi, na kuna yale ya lazima kama 10 mpaka 13 ambayo ukiyagusa hata hedhi inaweza kukatika. We uko hapo mpakani. Ila kiuno chako 80 bado kiko chini ya nusu ya urefu wako ambayo ni 81 na nusu, na hicho kipimo cha kiuno kisizidi nusu ya urefu madaktari wanakipenda kwasababu mafuta ya tumboni ndiyo yanayoleta kisukari na presha kuliko ya makalio. Makalio yaache.

*Kocha mambo. Niko Arusha, nabeba mizigo soko la Kilombero na jioni nanyanyua vyuma. Nimeenda kupima afya nesi kaniambia BMI yangu 29 nina uzito mkubwa nipunguze. Urefu 172, kilo 86, tumbo 84, shingo 41. Mi kitambi sina kocha, washkaji wananicheka.*

Poa kaka. Nesi hajakosea hesabu, BMI ni kilo zako ugawanye kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, 86 gawanya kwa (1.72 mara 1.72) ni 29 kweli. Ila hiyo BMI asili yake ni Mbelgiji mmoja Quetelet, miaka ya 1830 huko, alikuwa mtu wa takwimu sio daktari, na alikuwa anatafuta mtu wa wastani kwenye kundi la watu, hakuwa anamtafuta mbeba gunia wa Kilombero. Haitofautishi kilo ya paja na kilo ya kitambi.

Kwa njia ya jeshi unatoka 14, hiyo ni ya mtu wa mazoezi. Kwa ile ya 2018 unatoka 23. Tofauti 9! Ni kwasababu ya kwanza inaona hiyo shingo ya ng'ombe uliyonayo inasema huyu ana misuli, ya pili haiulizi shingo. Kwa mtu kama wewe naiamini zaidi ya kwanza, ila ukitaka uhakika tafuta mtu wa kukubana ngozi kwa kalipa, kile kibanio cha kupima unene wa ngozi na mafuta yaliyo chini yake. Mwanaume anabanwa kifua, tumbo na paja, kanuni ya Jackson na Pollock ya 1978. Ila hapa mkono wa mbanaji ndio kila kitu. Mimi mwenyewe nilipokuwa najifunza nilibanwa na wenzangu wawili dakika tano tofauti, mmoja kanipa 12 mwingine 19, kumbe wa pili alikuwa anabana na misuli humohumo, paja likaniuma siku mbili. So akubane yuleyule kila mara, mara tatu kila sehemu mchukue wastani.

Tumbo 84 nusu ya urefu wako ni 86, uko salama lakini sio kwa mbali, punguza zile chipsi mayai za saa 5 usiku. Na presha alipima? Hiyo ndio ungemuuliza nesi.

*Habari ya kazi mwalimu. Baba yangu Marangu ana miaka 71, amewekewa betri ya moyo. Kaka kamletea mzani wa kupima mafuta toka Dar. Apande?*

Asipande dada. Mizani ya umeme haifai kwa mwenye betri ya moyo, hata kikaratasi cha ndani ya boksi mara nyingi kimeandika, na mjamzito vilevile asiitumie. Tena kama miguu inamvimba kwa ajili ya moyo ile namba ingekuwa uongo mtupu, maji yaliyojaa miguuni yangesomwa kama nyama. Mpimieni uzito kwenye mzani wa mshale wa kawaida kila asubuhi, na akiongezeka kilo 2 ndani ya siku mbili tatu msisubiri kliniki, hayo ni maji, mpigieni daktari wake siku hiyohiyo. Kiuno mpime kwa futi mara moja kwa mwezi. Na mpe shikamoo yangu.