Kupima Maandishi Bila Kuyasoma Yote: Majibu kwa Wasomaji wa Bukavu

Lugha rasmi ya Kongo ni Kifaransa. Je, ndiyo hiyo inayopimwa na kompyuta? (Msomaji, Ibanda)

Hapana. Katika hisabati, lugha ni kundi la mifuatano ya herufi inayotii kanuni fulani, na hiyo ndiyo ninayoizungumzia; kuipima ni kukagua kama mfuatano fulani umo katika kundi hilo au uko mbali nalo.

Herufi milioni moja zinapimwaje kwa kusoma chache tu? (Mwanafunzi, Kadutu)

Mama anayenunua gunia la maharagwe katika soko la Kadutu halimwagi lote chini. Huzamisha mkono katikati, kisha pembeni, na kila mara hutazama kiganjani kama kuna mawe au punje zilizotobolewa na wadudu. Chukua lugha ya mifuatano inayosomeka vilevile kutoka pande zote mbili, kama neno «ini». Algoriti, yaani orodha ya hatua ambazo kompyuta hufuata, huchagua nafasi moja kwa bahati nasibu, ikalinganisha herufi iliyopo hapo na ile inayoikabili upande wa pili. Ikiwa kati ya herufi 1 000 000 ingetubidi kubadilisha angalau 100 000 ili mfuatano uwe sahihi, basi jozi zisizolingana ni angalau 100 000 kati ya 500 000, yaani moja kwa kila tano. Tukijaribu jozi 20, uwezekano wa kutoliona kosa lolote hauzidi 0,8 iliyozidishwa yenyewe mara 20, ambayo ni kama 1 kwa 100, na tumesoma herufi 40 tu. Nawasihi wanafunzi waifanye hesabu hii kwa kalamu.

Na kosa likiwa moja tu?

Karibu kila mara halitaonekana. Algoriti huahidi kuukubali mfuatano sahihi na, kwa uwezekano mkubwa, kuukataa ulio mbali na usahihi. Kuhusu ulio katikati haikuahidi kitu, na asiyelikumbuka sharti hili asiitumie.

Je, kila lugha hupimika upesi hivyo?

La. Mwaka 1999 Noga Alon, Michael Krivelevich, Ilan Newman na Mario Szegedy walithibitisha kwamba kila lugha inayotambuliwa na otomata yenye hali zenye kikomo (mashine ya kufikirika inayosoma herufi moja moja kwa kumbukumbu isiyoongezeka) hupimika kwa idadi ya herufi isiyoongezeka hata maandishi yakirefuka, jambo ambalo bado linanistaajabisha. Lakini walionyesha pia kwamba ukiunganisha mifuatano miwili ya aina ya «ini» bila kuonyesha kiungo, herufi za kusomwa huongezeka angalau kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha urefu, kwa sababu asiyejua kiungo kilipo hajui herufi ipi inaikabili ipi.